Chunjua sugu ya unyayoni kwa mtoto: mwongozo kamili wa kuitibu nyumbani

Kama mtoto ana chunjua chini ya unyayo, umepaka dawa mpaka umechoka na bado ipo palepale, basi kabla hujarudi famasi kuuliza "hamna kali zaidi ya hii?" soma hapa kwanza. Mara nyingi dawa haina shida, shida ni kwamba haifiki kunakotakiwa. Chunjua ya unyayoni inakanyagwa kutwa nzima, kwahiyo badala ya kuota kwenda nje kama zile za vidole vya mkono inasukumwa ndani, juu yake inajijenga ngozi ngumu iliyokufa, we unapaka dawa juu ya hiyo ngozi, dawa inaishia hapohapo, mwezi unapita unasema imekuwa sugu. Karibu kila kitu nitakachoandika huku chini kinahusu kuiondoa hiyo ngozi kidogokidogo kwa wiki nyingi bila kumuumiza mtoto.

Chanzo chake ni kirusi cha HPV, na najua ukilisikia hilo jina unakumbuka saratani ya shingo ya kizazi na ile chanjo wanayochomwa mabinti mashuleni. Ukoo ni mmoja ila aina ni tofauti, ziko zaidi ya 100, zinazoleta chunjua za miguu ni kama namba 1, 2, 4, 27 na 57, wakati zile za saratani hasa ni 16 na 18. Mtoto mwenye chunjua ya mguu hana ugonjwa wa zinaa, hayuko njiani kupata saratani, na hiyo chanjo ya shule haiitoi chunjua yake. Kirusi kinaingia kwenye ngozi iliyolowa au yenye mchubuko mdogo, kwenye sakafu ya bafu, bwawa la kuogelea, sehemu ya kutawadhia, ndala za kuazimana, na kinaweza kukaa kimya miezi kadhaa kabla hujaona kitu, kwahiyo kumtafuta aliyemwambukiza ni kazi bure.

Kwanza hakikisha ni chunjua kweli

Hapa nataka utulie kidogo maana huku kwetu kuna vitu vitatu vinne vinavyofanana nayo, na dawa ya chunjua ni asidi, ukivipaka hivyo unaharibu. Mwoshe mtoto mguu, kaa naye sehemu yenye mwanga wa jua, ukiwa na tochi ya simu ni vizuri zaidi.

Angalia mistari ya ngozi, ile kama ya alama za vidole. Kwenye chunjua mistari inakatika, inaizunguka, haipiti juu yake. Kwenye ngozi ngumu ya kawaida ya mtoto anayetembea peku mistari inapita juu kama kawaida. Pili, tafuta vidoti vyeusi vidogo katikati, hivyo sio uchafu wala sio mizizi kama watu wanavyosema, ni vimishipa vya damu vilivyoganda, na saa nyingine havionekani mpaka usugue juu kidogo. Tatu, ibane kwa pembeni kwa vidole viwili. Chunjua mara nyingi inauma zaidi ukiibana pembeni kuliko ukiibonyeza kwa juu.

Sasa funza. Funza naye ana kidoti cheusi, ila ni kimoja tu, katikati ya uvimbe mweupe wa duara, na anawasha sana, na anapenda vidole, pembeni ya kucha na kisigino. Amekuja ndani ya siku chache sio miezi. Kama mtoto ametoka likizo kijijini kwenye vumbi na nyumba ya sakafu ya udongo, fikiria funza kwanza, na funza haitaki hii dawa kabisa. Kingine ni mwiba au kipande cha chupa kilichobaki ndani, hiki kinauma sehemu moja kwa juu na mtoto anaweza kukumbuka siku aliyochomwa. Na kama ni doa jeusi au la kahawia lisilo na ule ugumu, linakua au linabadilika rangi, usiguse, peleka kwa daktari akaangalie.

Ukishindwa kutofautisha nenda zahanati wakuangalizie tu, haichukui muda.

Je, ni lazima uitibu?

Hapana kwa kweli. Takribani nusu ya watoto wa shule ya msingi wenye chunjua zinaondoka zenyewe ndani ya mwaka mmoja, mwili unakuja kukigundua kirusi na kukifukuza, na watoto wadogo huwa zinaondoka mapema kuliko wakubwa. Kama haimuumi, haiongezeki na mtoto mwenyewe hana habari nayo, kuiacha ni uamuzi halali kabisa, usione kama unazembea. Ya kutibu ni ile inayouma akitembea au akicheza mpira, inayozaa nyingine pembeni, au ile ambayo mtoto anataniwa nayo shuleni mpaka hataki kuvua viatu.

Na kuna watoto ambao usianze nao nyumbani kabisa: mwenye kisukari, mwenye ganzi au mzunguko mbaya wa damu miguuni, mwenye kinga ya mwili iliyoshuka, mwenye mzio wa aspirini (dawa tunayoenda kutumia ni ndugu yake), na mtoto chini ya miaka 2. Kuanzia 2 mpaka 6 muulize mfamasia au daktari kwanza halafu soma karatasi ya ndani ya boksi maana kila kampuni inaweka umri wake.

Vitu vya kununua

Dawa yenyewe ni asidi ya salisiliki. Kwenye boksi imeandikwa salicylic acid, na kitu cha kutazama ni namba iliyo pembeni yake. Ya maji au jeli inakuwa kwenye 12 mpaka 17 kwa mia, saa nyingine imechanganywa na asidi ya laktiki, hiyo ndo ya kuanzia kwa mtoto. Kuna na plasta zenye dawa za asilimia 40, hizo ni za miguuni tu na nitazirudia chini.

Usikubali kupewa Whitfield. Sio dawa mbaya, ni nzuri kwa fangasi, ila ina salisiliki asilimia 3 tu, haitoboi unyayo. Sabuni na losheni za chunusi ndo kabisa, zina 2. Watu wengi wanaosema "nimetumia salisiliki haikusaidia" ukiwauliza walikuwa wanatumia moja ya hizi. Ukienda duka dogo la dawa mtaani unaweza usiipate, jaribu famasi kubwa.

Vingine: beseni, msasa wa kucha wa karatasi ngumu ile ya bei rahisi ya saluni (chukua kadhaa maana unatupa), vaselini, vijiti vya kusafishia masikio au vijiti vya meno, plasta za kawaida, na taulo dogo la huo mguu peke yake. Jiwe la kusugulia miguu nalo linafaa, ila liwe la mtoto huyo tu na baba asije akalichukua Jumamosi kusugulia visigino vyake.

Kazi ya kila jioni

Chagua muda usiobadilika, baada ya kuoga kabla ya kulala ndo unafaa zaidi, na kama dada wa kazi ndo anayewaogesha watoto basi mfundishe kwa kumuonyesha mara mbili tatu wewe ukiwepo, usimuachie chupa na maelezo ya mdomo. Weka katuni, muweke mtoto mguu mapajani kwako. Akili ya mtoto ikiwa kwenye katuni kazi yote haizidi robo saa.

Lowesha. Mguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 5 mpaka 10. Jaribu maji kwa kiwiko chako kwanza. Hakuna haja ya chumvi, siki wala ndimu, maji yanatosha, lengo ni ngozi ilainike.

Ondoa ya jana. Dawa ya maji ikikauka inaacha utando mweupe, ubandue taratibu, kisha pangusa juu ya chunjua na kitambaa kikavu chenye ukwaru. Mara mbili au tatu kwa wiki ndo unatumia msasa, unasugua ile sehemu nyeupe iliyokufa mpaka ipungue, unaacha kabla haijauma na kabla hujaona damu. Hapa ndo watu wanapogawanyika: wapole wanapapasa tu, wenye hasira wanasugua mpaka mtoto analia na kesho yake hakupi tena mguu. Mwambie mtoto aseme "stop" na akisema simama kweli, hata kama unaona bado kidogo. Fanya juu ya gazeti au tishu, unga wote ule una kirusi, kunja utupe, na huo msasa usiuguse kwenye ngozi nzima wala kwenye kucha.

Kausha. Vizuri, na katikati ya vidole.

Zungushia vaselini. Pakaa ukingo mwembamba kwenye ngozi nzima inayoizunguka chunjua, kama unajenga ukuta, ila juu ya chunjua yenyewe isiguse maana dawa haitashika. Ukiruka hii hatua ngozi nzima itaungua na kwa ngozi zetu nyeusi sehemu iliyoungua inaweza kubaki na doa kwa miezi.

Weka dawa. Tone moja, kwa kijiti, juu ya chunjua tu. Iache ikauke dakika chache, kama karatasi inasema tabaka la pili weka. Kama inamwasha kidogo ni kawaida, kama analia funga zoezi, osha kwa maji na sabuni. Halafu kitu muhimu sana ambacho watu hawasomi: dawa nyingi za hivi zinashika moto kirahisi, kwahiyo usipake jikoni karibu na gesi au mkaa, wala usimulikie mshumaa umeme ukikatika. Funga kifuniko haraka, ikiachwa wazi inaganda na kuwa nzito, na chupa ikae juu ambako mdogo wake hafiki.

Funika. Plasta juu, soksi safi, kalale. Kufunika kunaifanya dawa iingie zaidi na hakusambazi kirusi kwenye mashuka.

Osha mikono yako. Ya mtoto pia kama aligusagusa.

Umemaliza. Kesho tena.

Utaona nini na lini

Wiki ya kwanza na ya pili utaona ngozi inakuwa nyeupe na inabanduka kama karatasi, na wengi wanadhani imepona. Bado. Hiyo ni paa tu. Kuelekea wiki ya tatu na ya nne vile vidoti vyeusi vinatokea zaidi, chunjua inaonekana kubwa au mbaya kuliko mwanzo, na hapa ndo asilimia kubwa ya wazazi wanaacha, wakati ndo kwanza dawa imefika kwenye chunjua yenyewe! Endelea. Matibabu yanahesabiwa mpaka wiki 12, na kukosa siku moja hakuharibu kitu, ila kupaka wiki moja kuacha mbili ni sawa na kuanza upya kila mara.

Ikiwa nyekundu, inachoma au imechubuka, pumzika siku kadhaa mpaka itulie, weka vaselini na plasta tu, halafu rudi na tone dogo zaidi. Mtoto akichechemea kwa sababu ya dawa ujue umezidisha.

Piga picha kwa simu kila Jumapili, sehemu ileile mwanga uleule. Ukitegemea macho kila jioni hutaona tofauti.

Wiki 12 zimeisha na bado ipo

Jiulize kwa ukweli: msasa ulitumika au uliogopwa? Kila siku au siku ulizokumbuka? Dawa ilikuwa na asilimia ngapi, na chupa haikuwa imeganda? Ulikuwa unafunika? Kuna ndugu yake mwenye chunjua ambaye hatibiwi na wanavaliana ndala? Jibu likiwa baya kwenye mojawapo, rekebisha hilo na ongeza wiki kadhaa.

Kama ulifanya yote, unaweza kupanda kwenda plasta za asilimia 40, ila kwa mtoto muulize mfamasia kabla. Unaikata iwe saizi ya chunjua kamili, isizidi hata kidogo, unabandika, juu yake plasta ya kawaida isiteleze, unaibadilisha baada ya siku moja au mbili kama boksi linavyosema, na kila ukibadilisha unalowesha na kutoa ngozi nyeupe. Inafanya kazi haraka na inaunguza haraka vilevile.

Ile tepu ya kijivu ya mafundi utaikuta imesifiwa sana. Mwaka 2002 huko Marekani kuna utafiti ulisema iliponya asilimia 85 ya waliobandikwa, ikashinda hata kugandisha (kuiunguza chunjua hospitali kwa baridi kali), dunia nzima ikafurahi. Halafu 2006 Waholanzi wakaijaribu kwa watoto wa shule ya msingi kwa wiki sita wakapata 16 kwa mia walipona, dhidi ya 6 kwa mia kwa waliowekewa kibandiko kisicho na kazi, tofauti ndogo ambayo inaweza kuwa bahati tu. Mi naiona haina madhara makubwa, kama mtoto anaogopa dawa jaribu: inakaa siku sita, unatoa, unalowesha na kusugua, unaacha wazi usiku mmoja, unabandika nyingine. Kwa joto la Dar sijui kama itakaa siku sita, jasho tu litaitoa.

Na kabla hujalipia kugandishwa hospitali ukidhani ndo mwisho wa matatizo, jua kwamba Uingereza walilinganisha, matokeo yakatoka 2011, watu 240 wa miaka 12 na kuendelea: wengine walipaka salisiliki ya asilimia 50 nyumbani kila siku, wengine wakagandishwa na wataalamu kwa nitrojeni ya maji. Baada ya wiki 12 waliopona kabisa walikuwa 14 kwa mia kila upande, yaani sare. Inakatisha tamaa kidogo, lakini inakuonyesha kwamba chunjua za unyayo ni ngumu kwa kila mtu, sio kwamba wewe ni mzazi mzembe, na kwamba kumgandisha mtoto kwa kitu cha nyuzi 196 chini ya sifuri, chenye maumivu na malengelenge na uwezekano wa kuacha baka jeupe kwenye ngozi nyeusi, hakuna sababu ya kukikimbilia.

Usifanye haya hata bibi akisema

Bibi tunamheshimu ila kwenye hili tutamkatalia kwa adabu. Kukata na wembe: inatoka damu, inasambaa, inaingia vidudu, na pepopunda ipo. Maji ya betri: hiyo ni asidi ya salfa, inakula mpaka nyama. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza vibaya, watu wa Mtwara na Lindi wanajua mikono ya wabanguaji ilivyo. Utomvu wa mnyaa usiuingize hata ndani ya nyumba, ukiruka kwenye jicho la mtoto unaweza kumpofusha. Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungiwa usiku kucha nacho kinaacha kidonda cha moto, watu wanakidharau kwa sababu ni chakula. Kuchoma na msumari au sigara sitaki hata kuzungumzia. Kufunga na uzi mpaka idondoke kwenye unyayo hakuwezekani, hakuna pa kufungia.

Dawa hii ya unyayoni nayo usiipeleke usoni, sehemu za siri, wala kwenye kidonda. Na chunjua zikiwa nyingi zimetapakaa mguu mzima usipake zote kwa mpigo, salisiliki inaingia mwilini ikipakwa eneo kubwa, hasa kwa mtoto mdogo.

Nyumbani na shuleni

Ndala zake mwenyewe bafuni, taulo lake, soksi hazibadilishani, kikatio cha kucha chake. Asiikwaruze wala kuing'ata, kuna watoto wanang'ata. Shule anaenda, madrasa anaenda, kuogelea anaenda na plasta isiyoingiza maji. Hakuna sababu ya mwalimu kumtenga, na akitaka kufanya hivyo kaa naye umweleze. Kama yuko bweni mnunulie ndala za bafuni na za chumbani tofauti, na mwombe matroni amsimamie jioni, mtoto wa darasa la tano hatapaka mwenyewe kila siku hata akiapa.

Wakati wa kwenda hospitali

Ikivimba, ikitoa usaha, ikiwa ya moto au mtoto akipata homa, siku hiyohiyo. Ikitoka damu bila sababu, ikibadilika sura, au mtoto anashindwa kutembea sawasawa, usisubiri. Zikizaliana kwa kasi mpaka huwezi kuzihesabu daktari anaweza kutaka kuangalia kinga ya mwili ikiwemo kupima VVU, usichukie, ni kazi yake na ni vizuri kujua mapema. Na kama miezi mitatu ya kazi safi imeshindwa, mwone daktari wa ngozi. Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992 na wahitimu wake wametawanyika mikoani na nchi jirani, kwahiyo ulizia hospitali ya mkoa kama wana mtu wa ngozi kabla hujapanga safari ya mbali.

Kujua imeisha

Loweka, sugua, kausha, mulika. Vidoti vyeusi viwe vimekwisha na mistari ya ngozi ipite juu ya pale kama kwingine. Kama kuna duara dogo ambalo mistari bado inalizunguka, kirusi kipo, endelea wiki mbili nyingine hata kama haliumi, maana ukiacha hapo ndo inarudi. Mistari ikirudi kamili acha dawa, tupa misasa na vijiti vyote, loweka hilo jiwe kwenye jiki au litupe tu kwa jinsi lilivyo rahisi, osha ndala zake kwa sabuni uzianike juani. Halafu mkague kila Jumapili kwa miezi miwili hivi, miguu yote miwili, na ya wadogo zake pia mkiwa hapohapo bafuni.